Mawakala wa forodha Malindi: tunawapima kwa barua ya idhini

Ukiwapima mawakala wa forodha wa Unguja kwa wepesi wa kugomboa mzigo, wengi wanafaulu. Kontena lenye nyaraka safi hawalichelewishi, na kila hatua ya bandarini wanaijua kwa mazoea. Ukiwapima kwa namna wanavyoipokea idhini ya mteja na wanavyoitumia, matokeo yanabadilika sana, na hapo ndipo mfanyabiashara wa Darajani au Mlandege anapopoteza fedha asijue zimepitia wapi.

Kwa hiyo tathmini hii inaanzia mahali ambapo wateja wengi hawapaangalii kabisa: barua ya ukurasa mmoja anayoletewa mteja aisaini. Hatutaji kampuni kwa majina, kwa sababu katika ofisi nyingi za Malindi, penye bandari ya Unguja, ubora wa huduma uko mikononi mwa karani mmoja au wawili, na wao wakihama unahama nao. Tunaeleza aina za huduma zilizopo, alama za kuitambua iliyo nzuri, na yale yanayoharibika mara kwa mara.

Barua hiyo inampa wakala nini

Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, hivyo Zanzibar inatumia sheria ile ile inayotumika Bara na katika nchi wenzetu wa Jumuiya: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayosimamiwa hapa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Vifungu vitatu vinamgusa mwagizaji moja kwa moja, navyo ni vya 146, 147 na 148.

Cha 146 kinasema anayeweza kutenda kwa niaba ya mwenye mali ni mmoja kati ya wawili: mwajiriwa anayemfanyia kazi yeye peke yake, au wakala wa forodha mwenye leseni. Wote hao lazima wawe wameidhinishwa kwa maandishi, ama kwa jumla ama kwa jambo maalumu. Ofisa wa forodha ana haki ya kuidai barua, na isipoonekana anaweza kukataa kumtambua aliyesimama mbele yake.

Cha 147 kinamhesabu wakala kuwa ndiye mwenye mali, kwa maana ya kwamba ushuru unaweza kudaiwa kwake binafsi. Mwenye mali halisi naye hatoki kwenye deni. Cha 148 ndicho kizito kwa mteja: mwenye mali anawajibika kwa matendo na maelezo ya wakala wake, na anaweza kushtakiwa kana kwamba kosa kalitenda mwenyewe. Kinga aliyowekewa ni kwamba hafungwi kwa kosa la wakala isipokuwa aliliridhia. Kodi iliyopungua na faini vinaweza kumfuata. Na kosa la kutoa tamko la uongo, kwa kifungu cha 203, adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani.

Mwagizaji akishayajua hayo, hawezi tena kuiona barua ya idhini kuwa ni karatasi ya kumaliza dirishani.

Barua ya wazi, kasoro kubwa kuliko zote

Kiolezo kinachozunguka katika ofisi nyingi kina sentensi tatu. Kinamtaja mteja, kinamtaja wakala, kisha kinasema wakala ameruhusiwa "kushughulikia mizigo yetu yote bandarini na uwanja wa ndege". Hakina namba ya hati ya shehena (karatasi ya kampuni ya meli inayotaja mzigo na mpokeaji wake, kwa kifupi B/L), hakina tarehe ya mwisho, na mara nyingine hata tarehe ya kuandikwa imeachwa wazi. Mteja anaombwa asaini nakala mbili tatu, apige muhuri, na aambatanishe nakala ya TIN (namba ya mlipakodi) na kitambulisho. Anaambiwa mengine yatajazwa.

Tatizo la karatasi hizo ni kwamba zikikaa pamoja ni seti kamili ya kuingizia mzigo wa mtu mwingine. TIN yenye historia safi ina thamani bandarini, na mtu ambaye yake ina madeni atafurahi kuitumia ya mwenzake. Mwenye TIN anagundua baadaye, TRA inapolinganisha ritani zake na taarifa za forodha na kukuta bidhaa zilizoingia kwa jina lake ambazo hazimo katika mauzo wala katika stoo yake. Forodha inaweza kudai ushuru uliopungua mpaka miaka 5 nyuma, na deni lisilolipwa kwa wakati linaongezeka riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kujitetea kwa kusema "mzigo si wangu" ni kazi ngumu ikiwa barua yako, yenye saini na muhuri wako, inasema mizigo yote.

Wakala mzuri haombi barua ya wazi. Hiki ndicho kipimo chetu cha kwanza, na tunakipa uzito kuliko ofisi yenye kiyoyozi au gari lenye nembo. Wakala anayekuuliza namba ya B/L kabla hajachapisha barua ameshakuonyesha kwamba anajilinda yeye na anakulinda wewe. Anayekasirika ukiiongeza namba hiyo kwa kalamu, mwache.

Maneno yanayotosha kwa mzigo mmoja ni haya:

"Sisi (jina kamili kama lilivyo kwenye TIN), TIN namba …, tunaiidhinisha kampuni ya …, yenye leseni ya wakala wa forodha namba … ya mwaka …, kuwasilisha tamko la forodha na kufuatilia ugomboaji wa kontena namba …, lakiri namba …, lililomo kwenye hati ya shehena namba …, meli …, kwa ankara namba … ya tarehe …. Mfanyakazi wa wakala atakayefuatilia ni …, kitambulisho namba …. Idhini hii haihusu mzigo mwingine wowote. Wakala hataibadilisha thamani, idadi wala namba ya ushuru tuliyokubaliana bila ya ridhaa yetu ya maandishi, wala hatampa mtu mwingine kazi hii. Idhini inakwisha siku mzigo utakapotolewa au tarehe …, itakayotangulia."

Kwa gari, weka namba ya chesisi mahali pa namba ya kontena. Kwa mzigo wa ndege, weka namba ya hati ya ndege. Barua iandikwe kwenye karatasi yenye nembo ya biashara, isainiwe na mkurugenzi ikiwa ni kampuni, au na mwenye jina ikiwa ni jina la biashara lililosajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar. Saini kwa wino wa buluu, ili nakala ya mashine isije ikapita kuwa ndiyo yenyewe. Kila nakala ya kitambulisho na ya TIN unayoitoa, iandike juu yake kwa mshazari: "kwa B/L namba … tu". Inachukua nusu dakika, na karatasi hiyo haitafaa tena kwa kazi nyingine.

Idhini ya jumla ina mahali pake. Hoteli ya Nungwi au Paje inayopokea mzigo kila mwezi, au mwenye bohari anayeleta unga na mchele mfululizo, haina haja ya barua mpya kila meli. Kwa wateja hao barua ya mwaka inafaa, mradi iishe tarehe 31 Disemba pamoja na leseni ya wakala, na mradi wakala atoe kila mwezi orodha ya matamko yote aliyoyawasilisha kwa TIN ya mteja. Bila ya orodha hiyo, barua ya mwaka ni barua ya wazi iliyovaa tarehe.

Jambo jingine linalochanganywa ni barua ya idhini na hati ya uwakili inayosainiwa mbele ya wakili. Hati ya uwakili inaweza kumpa mtu uwezo wa kuuza, kupokea fedha na kusaini mikataba kwa niaba yako. Kwa kugomboa kontena haihitajiki. Inakuja kwenye hesabu pale mwenye mzigo yuko nje ya nchi na anataka ndugu aliyeko Unguja asaini kila kitu, na hata hapo ndugu ndiye apewe hati, halafu yeye amwandikie wakala barua ya mzigo ule tu. Mzanzibari anayerudi nyumbani kuishi, anayeomba msamaha wa gari alilolimiliki na kulitumia kwa miezi 12 au zaidi, ajue kwamba pasipoti na ushahidi wa umiliki ni wake. Wakala anaupeleka, hawezi kuutengeneza.

Nani hasa yuko kwenye mfumo

Kuna mtu anayezungumza na mteja, na kuna kampuni ambayo jina lake linaonekana kwenye TANCIS, mfumo wa kompyuta wa forodha, kuwa ndiyo iliyowasilisha tamko. Katika huduma nzuri hao ni kitu kimoja. Kwa vishoka wa bandarini ni vitu viwili: kijana anachukua kazi kwa bei ndogo, anaipitishia kwenye leseni ya kampuni inayomkodisha jina, na barua uliyosaini inataja kampuni ambayo huijui mlango wake. Ikitokea shida, kampuni inasema haikupokea fedha, na kijana hayumo kwenye karatasi yoyote.

Kumtambua si kazi. Leseni hutolewa kwa mwaka na jina lake lazima lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye barua, kwenye risiti na kwenye tamko. Meli ikitarajiwa wiki ya kwanza au ya pili ya Januari, omba uione leseni ya mwaka mpya kabla hujasaini, kwani ya zamani imekwisha Disemba. Uliza pia nani katika ofisi ana cheti cha taaluma ya forodha cha Afrika Mashariki. Wengi wanacho na wanajivunia kukionyesha. Ofisi ambayo hakuna hata mmoja mwenye nacho itapata shida kwenye uainishaji wa bidhaa, yaani kuipa kila bidhaa namba ya ushuru inayoamua asilimia yake, na shida hiyo utailipia wewe.

Kabla meli haijafunga gati

Sehemu kubwa ya ugomboaji mzuri inafanyika mzigo ukiwa bado baharini. Sheria inaruhusu tamko kuwasilishwa kabla ya chombo kufika, na wakala asiyeitumia nafasi hiyo anakuweka kwenye hesabu tatu za siku zinazokimbia kwa pamoja.

Ya kwanza ni ya forodha: tamko liwasilishwe ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Ya pili ni ya bandari, yaani storeji, inayohesabu siku ambazo kontena linakalia uwanja. Ya tatu ni ya kampuni ya meli, demereji, inayohesabu mpaka kontena tupu lirudishwe. Storeji inasimama kontena likitoka getini. Demereji haisimami hapo. Kontena lililokaa wiki nzima Mwanakwerekwe likisubiri kushushwa bado linahesabiwa. Tunakutana na wateja wengi wanaodhani ni kitu kimoja chenye majina mawili, na mawakala wachache sana wanaowaeleza tofauti yake mapema. Siku za bure zimo kwenye taarifa ya kuwasili na kwenye mkataba wa nauli. Uliza zote mbili, storeji na demereji, kwa maandishi, na uzihesabu kwa tarehe za kalenda ukikumbuka Ijumaa, sikukuu, na foleni ya kabla ya Ramadhani ambapo bidhaa za futari na nguo za Idi zinamiminika kwa pamoja.

Tangu 2023 shughuli za makontena Malindi zinaendeshwa na Zanzibar Multipurpose Terminal iliyo chini ya Africa Global Logistics, huku bandari yenyewe ikiwa ya Shirika la Bandari Zanzibar. Kwa mteja maana yake ni kwamba ankara za bandarini zinaweza kutoka kwa zaidi ya mtoza mmoja. Wakala anayekuletea jumla moja isiyo na mgawanyo anakunyima nafasi ya kujua nani kalipwa nini.

Hatua za huduma iliyonyooka zinakwenda hivi. Muuzaji anatuma rasimu ya hati ya shehena. Wakala anaisoma kabla haijawa rasmi, kwa sababu hapo kusahihisha ni bure au karibu na bure. Jina la mpokeaji liwe lile lililo kwenye TIN. Kosa tunaloliona kuliko yote ni duka kuandikwa kwa jina la biashara huku TIN ikiwa ya mtu, au jina la baba kuachwa. Meli ikishaondoka, kusahihisha kunapita kwa kampuni ya meli, orodha ya shehena inarekebishwa kwa ada, na siku zinakatika.

Kisha wakala anakusanya ankara, orodha ya vifurushi, ushahidi wa malipo ya benki, risiti ya nauli na bima. Anaangalia vibali: chakula, dawa na vipodozi ni vya ZFDA (Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar), bidhaa za viwango ni za ZBS (Taasisi ya Viwango Zanzibar), na baadhi zinahitaji cheti cha ulinganifu kinachotolewa huko huko zinakotoka kabla ya kupakiwa. Cheti hicho wakala hawezi kukipata mzigo ukishafika, kwa hiyo anayekikumbuka meli ikiwa nangani kachelewa. Mzigo unaotoka Mombasa nao una mtego wake. Bidhaa iliyotengenezwa Kenya haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha asili cha Jumuiya, lakini bidhaa ya China iliyopitia tu Mombasa haiwi ya Kenya kwa kubadilisha meli.

Baada ya hapo ni rasimu ya tamko, ridhaa ya mteja, kuwasilisha, makadirio, malipo, na ukaguzi kwa kadiri mfumo ulivyoupangia mzigo: kijani unapita, njano nyaraka zinasomwa, nyekundu kontena linafunguliwa au linapigwa skana. D/O, hati ya kuruhusu mzigo utolewe, inachukuliwa kwa kampuni ya meli, ama kwa kupeleka B/L halisi iliyosainiwa nyuma, ama kwa teleksi (ujumbe wa kuutoa mzigo bila ya B/L halisi) ikiwa muuzaji ameisalimisha huko. Kampuni nyingi za meli zinataka barua yao ya idhini mbali na ile ya forodha. Iandike kwa masharti yale yale ya mzigo mmoja.

Namba ya ushuru na thamani: soma rasimu

Hapa ndipo tunapowapa alama ndogo hata mawakala wakubwa. Tamko linawasilishwa, kodi inatoka, na mteja anaona jumla tu kwenye simu yake. Rasimu hakuiona.

Chukua mfano wa bidhaa iliyonunuliwa kwa dola 8,600, nauli 1,300, bima 100. Thamani ya forodha ni 10,000. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya, tangu Julai 2022, una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Ikiwa bidhaa ni ya asilimia 25, ushuru ni 2,500, na VAT ya Zanzibar ya asilimia 15 juu ya 12,500 ni 1,875. Jumla 4,375, kabla ya tozo nyingine. Karani akikosea na kuiweka ya asilimia 35, ushuru unakuwa 3,500, VAT 2,025, jumla 5,525. Umetoa dola 1,150 zaidi kwa kosa la tarakimu. Zinaweza kudaiwa, lakini maombi ya kurejeshewa yafanywe ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo, na kwa ushahidi.

Upande wa pili ndio wa hatari. Wakala "anakusaidia" kwa kuiweka ya asilimia 10: ushuru 1,000, VAT 1,650, jumla 2,650. Umeokoa 1,725 leo, na deni lenye riba linakusubiri kwa miaka ijayo kwa jina lako. Wakala anayejigamba kwamba anajua kushusha kodi anakuuzia kitu ambacho kifungu cha 148 kitakurudishia wewe.

Kwa hiyo soma rasimu, na usome visanduku hivi: jina na TIN ya mwagizaji, jina la wakala, namba ya ushuru yenye tarakimu 8 kwa kila bidhaa, nchi ya asili, idadi ya vifurushi, uzito, bei, nauli na bima. Uzito wa tamko ulingane na wa B/L na wa orodha ya vifurushi. Tofauti ndogo ya kilo inatosha kuupeleka mzigo kwenye maswali. Ikiwa ankara haina nauli na risiti yake haipo, Forodha itaweka makadirio yake. Bidhaa yenye utata, mfano mashine iliyokuja na vipuri vyake au samani zenye sehemu za chuma na mbao, muulize wakala ameiainisha kwa hoja gani. Anayejua atakutajia sura na kichwa cha orodha ya ushuru. Asiyejua atasema "ndivyo tunavyoiwekaga".

Bei, na fedha zipite njia gani

Tunapendelea nukuu yenye mafungu matatu: ada ya wakala; malipo ya watu wengine kama kampuni ya meli, bandari, vibali na gari la kubebea; na kodi ya serikali. Ada ya wakala pekee ndiyo yake. Mengine yote yawe na risiti yenye jina la mteja.

Kodi ilipe mwenyewe. Mfumo unatoa namba ya malipo, na kwa namba hiyo mwagizaji anaweza kulipa benki au kwa simu bila ya fedha kupita mkononi mwa mtu. Kumkabidhi wakala fedha taslimu za kodi ni mazoea ya zamani ambayo hayana tena sababu. Wakala akilipia kwanza kwa fedha zake ili kukuokoa na muda, ni huduma nzuri, lakini idai risiti siku ile ile.

Fungu linaloitwa "gharama nyingine" au "ya kuwezesha" lisikubaliwe. Kama ni malipo halali yana jina na risiti. Amana ya kontena nayo iandikwe wazi kuwa ni amana, nani kailipa na itarudi kwa nani, kwani hii ndiyo fedha inayosahaulika kwa wingi baada ya mzigo kutoka.

Mzigo wa kuchanganya

Wauza nguo na vyombo wanaonunua Dubai au Guangzhou mara nyingi hawajazi kontena. Wanampa mkusanyaji mita kadhaa za ujazo, naye analeta kontena zima kwa jina lake. Katika mpango huo mwagizaji kisheria ni yule aliye kwenye hati, na barua ya idhini anaitoa yeye. Wewe huna tamko la jina lako, huna haki ya kudai marejesho, na ukiulizwa kodi ya bidhaa zilizo dukani huna cha kuonyesha isipokuwa risiti ya mkusanyaji.

Kama huduma, inafaa kwa mzigo mdogo na ni rahisi. Udhaifu wake ni kwamba mwenzako mmoja akificha vipodozi visivyo na kibali ndani ya mabegi, kontena lote linasimama, na lako limo. Mkusanyaji mzuri anatoa hati ya shehena ndogo kwa kila mteja na kuwasilisha tamko la kila mmoja kwa TIN yake. Bei yake iko juu kidogo. Kwa mwenye duka linalokaguliwa tunaona inastahili.

Pemba

Mfanyabiashara wa Chake Chake au Wete anapata chaguo chache. Makontena ya nje kwa kawaida yanagombolewa Unguja au Dar es Salaam, kisha mzigo unavuka mpaka Mkoani au Wete. Kwa hiyo wakala wako yuko ng'ambo, na barua inasafiri kwa simu. Hapo idhini iwe na sehemu mbili zilizotenganishwa: kugomboa, na kukabidhi kwa chombo cha kuvukia. Mtaje anayepokea mzigo kutoka kwa wakala, orodha ihesabiwe na kusainiwa na pande zote mbili wakati wa kukabidhi, na nakala za tamko na risiti za kodi zisafiri pamoja na mzigo. Upungufu unaogunduliwa Mkoani bila ya orodha hiyo hauna mwenyewe: wakala atasema chombo, chombo kitasema wakala. Ukigomboa Dar es Salaam, mweleze wakala mapema kwamba mwisho wa mzigo ni Pemba, maana VAT ya Bara ni asilimia 18, na aina ya tamko ndiyo inayoamua unalipa nini na wapi.

Nani amchague nani

Kwa kontena la kwanza, au bidhaa yenye vibali vingi, lipa ada ya kampuni kubwa. Karatasi zake zimepangika na ina mtu wa uainishaji. Kasoro yake ni kwamba utazungumza na watu watano, na mteja mdogo hapigiwi simu kwa wakati. Kwa mwagizaji anayerudia bidhaa zile zile, wakala mdogo mwenye leseni yake mwenyewe ndiye bora kuliko wote: anaijua bidhaa yako, anapokea simu, na jina lake liko hatarini pamoja na lako. Mpe barua ya mzigo kwa mzigo mpaka akuzoee na umzoee. Kishoka hatumpendekezi kwa mzigo wowote, hata wa gari moja, hata akiwa jamaa wa nyumbani.

Mzigo ukishaingia stoo kazi bado ina mkia. Rudisha kontena tupu na uchukue risiti ya kurudisha, yenye tarehe na hali ya kontena. Dai amana. Chukua kwa wakala B/L, tamko lililoidhinishwa, risiti za kodi, vibali na hati ya kutolea, uvihifadhi kwa miaka 5. Kama barua yako ilikuwa ya jumla na hutaki kuendelea, andika barua ya kuifuta, ipeleke Forodha na kampuni ya meli, na upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kumwambia wakala kwa mdomo hakuifuti.